Kalamu ya kwanza ya kukereza: tundu kwanza, umbo baadaye

Kalamu ya mbao ikipasuka, ikiwa na tumbo upande mmoja au ikikataa kufunga ncha, patasi ndiyo hulaumiwa. Mara nyingi patasi haina kosa. Kosa lilianza mapema: mbao ilikuwa mbichi, tundu lilitobolewa kwa pupa, au gundi haikuenea kwenye kibomba. Kukereza kwenyewe, ile sehemu ambayo kila anayeanza anaitamani, hakuchukui zaidi ya nusu saa. Mambo yanayoamua kama kalamu itadumu yanafanyika kabla patasi haijagusa mbao, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Fundi wa Unguja au Pemba aliyezoea kukereza matendegu ya vitanda na nguzo za ngazi ana nusu ya ujuzi tayari. Kinachobadilika ni kipimo. Kwenye tendegu nusu milimita haionekani. Kwenye kalamu, sehemu moja ya kumi ya milimita kidole kinaihisi pale mbao inapokutana na chuma.

Aina ya kalamu na vifaa vyake

Anza na kalamu nyembamba ya kuzungusha, ile ya vibomba vya milimita 7. Ina sehemu chache, na makosa yake yanasahihishika. Seti yake ya vyuma huwa na vibomba viwili vya shaba ya manjano, ncha, mtambo wa kuzungusha, pete ya kati, klipu, kofia ya juu na mrija wa wino wa aina ya Cross. Kila kibomba kina urefu wa milimita 53 hivi. Pima vyako kwa vernia (kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita), kwa sababu watengenezaji hutofautiana. Ukiagiza seti, agiza na mirija ya akiba. Mrija wa kalamu za kawaida za dukani hauingii kwenye mtambo huu, na kalamu nzuri isiyo na wino huishia ndani ya mtoto wa meza.

Upande wa mashine ya kukerezea utahitaji mandreli, yaani fito nyembamba ya chuma inayopita ndani ya vibomba, pamoja na bushi tatu za seti hiyo hiyo. Bushi ndizo zinazokuambia uache wapi: unene wake ni sawa na unene wa vyuma vya kalamu pale vinapokutana na mbao, kiasi cha milimita 8.3 kwa kalamu hii. Kabla ya kununua mandreli, angalia tundu la kichwa cha mashine yako, yaani upande unaozungushwa na mota. Koni ya Morse (kipimo cha kawaida cha tundu hilo) namba 2 ina kipenyo cha milimita 17.8 mdomoni, namba 1 ina milimita 12 na kidogo. Kama mashine yako imeundwa kienyeji kwa mota na mikanda na haina koni, mandreli inaweza kubanwa na chaki ya drili (kile kibanio cha kushikia biti), lakini izungushe kwanza kwa mkono huku umesogeza ncha ya penseli karibu yake. Ikiwa penseli inagusa upande mmoja tu, mandreli inayumba, na kalamu itatoka na tumbo.

Vilivyobaki ni vya karakana ya kawaida: biti kali ya milimita 7, bobari (patasi iliyobonyea kama mfereji), patasi ya mshazari kama unaiweza, msumeno wa meno madogo, jiliwa (wengi wanaiita vaisi), msasa kuanzia namba 150 hadi 600, na ule msasa wa maji wa mafundi rangi wa magari, namba 800, 1000, 1500 na 2000. Ongeza gundi ya epoksi ya kuchanganya vimiminika viwili, supaglu nyepesi, asetoni, karatasi za tishu, miwani ya kuzuia vumbi na barakoa.

Mbao: usikimbilie mpingo

Kila mtu anataka kalamu ya mpingo. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, unapokea mng'aro bila jasho, na ni mti wa nyumbani kwetu Afrika Mashariki. Lakini una mafuta yanayoifukuza gundi, hupata joto haraka ukitobolewa, na ukipata ufa mdogo hausamehe. Uwe wa kalamu ya tano au ya sita.

Kwa ya kwanza tunapendekeza mninga. Hukatika vizuri na, kinachotuhusu zaidi, hausinyai sana ukikauka. Mchungwa na mlimau pia ni mizuri: punje zake ni ndogo, na rangi ni ya krimu inayopendeza karibu na chuma cha dhahabu. Mfenesi, ambao mafundi wa milango ya Zanzibar wameutumia miaka mingi, huanza na manjano na kugeuka kahawia kadiri unavyoona mwanga, kwa hiyo mnunuzi aambiwe mapema. Msaji hudumu lakini una chembe kama za mchanga ndani yake zinazoua makali. Utanoa mara mbili ya kawaida. Mwembe hukatika kirahisi ila nyuzi zake huinuka, na mnazi hufaa sehemu yake ya nje tu, ile ngumu yenye vidoti vyeusi. Hiyo miwili huhitaji supaglu nyepesi imwagwe juu ya mbao katikati ya kazi ili nyuzi zishikane.

Mbao hizi huna haja ya kuzikatia mti. Wanaotengeneza milango, makasha na samani hutupa au huchoma vipande ambavyo kwa kalamu ni shehena. Mkarafuu utumike uliokwisha kufa wenyewe na kwa ridhaa ya mwenye shamba. Miti ya misitu ya hifadhi ya Jozani na Ngezi, na mikoko ya pwani, iache ilipo. Ukipewa mbao ya jahazi kuukuu, ipitishe sumaku kwanza kutafuta mabaki ya misumari. Hata ikiwa safi ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kula shaba. Inapendeza kwa macho, lakini si mbao ya kuanzia.

Ukavu

Hapa ndipo kalamu nyingi za visiwani zinapokufa. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na mbao iliyokaa kibandani wakati wa masika ina maji mengi kuliko inavyoonekana. Shaba haisinyai, mbao inasinyaa. Kalamu iliyotengenezwa kwa mbao yenye unyevu itakaa vizuri hapa Mkunazini mjini Unguja, kisha ipelekwe kwenye ofisi ya kiyoyozi au kwenye nyumba ya Ulaya yenye hita, na baada ya wiki chache mbao itajibana juu ya kibomba mpaka ipasuke kwa urefu. Mnunuzi ataona ufa na kudhani mbao ilikuwa mbovu.

Njia ya kujua ukavu bila kifaa maalumu ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kata vipande vya milimita 22 kwa 22 na urefu wa milimita 140, paka nta kwenye ncha zote mbili ili visikauke kwa kasi mwishoni na kupasuka, viandike namba na tarehe, uvipime kila Ijumaa. Viweke juu ya kabati la ndani, mbali na ukuta wa nje na mbali na jua. Uzito ukibaki ule ule kwa wiki tatu mfululizo, kipande kimefika kikomo cha hewa ya chumba kile. Kwa kalamu itakayosafiri, kiongezee wiki mbili ndani ya chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kila siku, au kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, kisha upime tena. Usitumie oveni wala usianike juani. Sehemu ya nje hukauka kabla ya ndani, na nyufa huanzia hapo.

Kukata na kutia alama

Randa kipande kifike milimita 20 kwa 20. Chora mstari mmoja kwa urefu wote kwenye upande mmoja, na herufi V kubwa inayopita katikati, pale utakapokata. Mstari na V ndivyo vitakavyokuonyesha baadaye kipande kipi ni cha juu, kipi ni cha chini, na nyuso zipi zinatazamana. Bila alama hizi, mistari ya mbao itakatika ghafla kwenye pete ya kati na kalamu itaonekana imetokana na miti miwili.

Kata katikati kwa msumeno wa meno madogo. Kila nusu sasa ina kama milimita 69, wakati kibomba ni 53. Urefu wa ziada una kazi yake, kama utakavyoona.

Tundu

Toboa kuanzia upande wa katikati ya kalamu, yaani ule uliokatwa sasa hivi. Biti huingia pale unapoielekeza, lakini ikishuka chini hufuata nyuzi za mbao na kupinda. Ukianzia katikati, matundu mawili yatatazamana sawasawa kwenye pete, na kupinda kokote kutaangukia nje ambako hakuonekani.

Njia bora ni kubana kipande kwenye chaki ya taya nne upande wa kichwa cha mashine na kuweka biti kwenye chaki ya drili upande wa mkia. Tia kidonda cha kuanzia kwa biti fupi nene isiyopinda. Mashine izunguke kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika, si zaidi. Sukuma milimita 10, toa biti yote nje, safisha unga, rudi tena. Unga ukijaa kwenye mifereji ya biti hauna pa kwenda; husuguana, hupata joto na kuipanua mbao kutoka ndani. Nyufa za joto ni nyembamba kama unywele na hutaziona leo. Utaziona baada ya kung'arisha, zikiwa zimejaa nta. Harufu ya kuungua ni amri ya kusimama.

Shuka hadi milimita 60 na uishie hapo. Usiitoboe mbao ikatokea upande wa pili, kwani biti ikitoka chini ya nguvu hubandua ukingo. Sasa kata ule upande wa nje kwa msumeno, ubakishe urefu wa milimita 56. Tundu limetokea lenyewe, ukingo ni mzima, na ile milimita 3 ya ziada itaondolewa baadaye.

Usiye na chaki ya taya nne, geuza mpangilio: biti kwenye chaki ya drili upande wa kichwa, na senta ya mkia (ncha iliyochongoka ya upande wa pili wa mashine) ikisukuma kipande kutoka nyuma. Toboa alama ndogo katikati ya ncha zote mbili, na kipande kikamatwe na koleo ya mbao iliyoegemea kitanda cha mashine ili kisizunguke. Usikishike kwa mkono mtupu hata kama kinaonekana kidogo.

Kibomba kiingie kwa kusukumwa na kidole, kikiwa na uhuru kidogo. Kikikaza, tundu litaikwangua gundi yote wakati wa kuingiza, na utakuwa umebandika ncha tupu.

Kubandika vibomba

Shaba mpya inateleza. Ikwaruze kwa msasa wa 150 kwa kuizungusha hadi mng'aro uishe, uifute kwa asetoni na usiiguse tena kwa vidole. Kwa mbao zenye mafuta kama mpingo na msaji, futa pia ndani ya tundu kwa kijiti chenye pamba na asetoni, usubiri dakika kumi. Ziba midomo ya vibomba kwa sabuni ya mche: kikandamize kibomba kwenye sabuni kama unavyokata biskuti. Gundi isiingie ndani, maana tone moja tu litazuia mtambo.

Watengenezaji wengi hubandika kwa supaglu. Kwa kalamu ya kwanza visiwani tunashauri epoksi. Supaglu hukauka kwa kukutana na unyevu, na hewa yetu huiharakisha kiasi kwamba kibomba hunasa kikiwa nusu ndani, nusu nje, na hakitoki tena. Epoksi inakupa dakika kadhaa za kurekebisha. Paka kwenye kibomba na ndani ya tundu, ingiza huku unazungusha, toa nusu, zungusha, ingiza tena mpaka kizame milimita moja na nusu chini ya kila ukingo. Acha mpaka kesho, hata kama chupa imeandikwa dakika tano. Pahala gundi haikufika, mbao itaning'inia hewani juu ya shaba, na patasi ikifika hapo itaichana.

Kesho yake toa sabuni kwa ncha ya kisu na ukwangue ndani kwa biti ukiizungusha kwa vidole.

Kusawazisha ncha

Mbao iliyozidi iondolewe hadi shaba itokeze, na uso wa ncha uwe mraba kabisa na kibomba. Kuna kisu maalumu chenye mhimili wa milimita 7 unaoingia ndani ya kibomba na meno yanayokata ncha. Kizungushwe polepole kwa mkono au drili ya mwendo mdogo. Kama huna, bandika msasa wa 150 kwenye sahani ya mbao iliyofungwa kichwani mwa mashine, tengeneza gogo dogo lililosimamishwa mraba na sahani hiyo, na uvalishe kipande kwenye shina la biti ya milimita 7 lililokaa kwenye gogo.

Shaba ikianza kung'aa duara zima, simama. Hili halina mjadala. Kibomba kikifupishwa hata milimita moja na nusu, mrija wa wino utakuwa mrefu kwa kalamu na ncha itachungulia hata ikiwa imefungwa. Ncha isipokuwa mraba, utaona mwanga kati ya mbao na chuma, na hakuna msasa utakaouziba.

Kupanga kwenye mandreli

Vaa kama mtu anayekaa karibu na kitu kinachozunguka: shati la mikono mifupi, kanzu ivuliwe, mtandio au ushungi ufungwe nyuma na ncha zake zichomekwe ndani. Glovu hazivaliwi hapa. Pete na saa ziwekwe mezani. Na umeme ukikatika ghafla, jambo la kwanza ni kuzima swichi, ili ukirudi mashine isianze yenyewe mkono wako ukiwa juu yake.

Panga hivi: bushi, kipande cha chini, bushi, kipande cha juu, bushi, kisha nati. Angalia V ikutane. Nati ikazwe kwa vidole tu. Mkia wa mashine usogezwe hadi senta inayozunguka iguse shimo la mandreli na kuanza kuzunguka nayo, basi. Kukaza mkia kwa nguvu hupinda mandreli kama upinde, na mbao hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili ijapokuwa patasi ilikwenda sawa. Ukiona mbao imefika kwenye bushi upande mmoja na bado imetokeza upande mwingine, usimalizie kwa msasa. Legeza mkia na nati kwanza, kisha uzungushe na kuangalia tena.

Egemeo la patasi likae milimita 3 kutoka kwenye kona za mbao, usawa wa katikati au juu kidogo. Zungusha kwa mkono duru nzima kabla ya kuwasha. Unapokereza na mbao ikipungua, egemeo lifuate. Simamisha mashine kila unapolisogeza.

Kukereza

Anza kwa mizunguko 1500 kwa dakika wakati kipande bado kina kona nne, na bobari ukiianzia karibu na ncha ya nje ukielekea nje, si kutoka ukingoni kwenda ndani. Kukata kuelekea ndani huinua nyuzi za ukingo na kubandua kona. Mgongo wa bobari uguse mbao kwanza bila kukata, kisha inua mpini polepole hadi maranda yaanze kutoka. Kuzamisha makali moja kwa moja ndiko kunakofanya patasi inase, na kalamu nyembamba ikinaswa hupasuka hadi kwenye shaba.

Kona zikiisha na kipande kikiwa duara, ongeza mwendo hadi 2500. Sikiliza na uangalie: makali mazuri hutoa maranda marefu yenye kujikunja na sauti nyororo. Ukiona unga badala ya maranda, patasi imekufa. Nenda kwenye jiwe la kunolea. Mtu asiyenoa hulazimika kusukuma, na anayesukuma hupata joto, mitikisiko na mbao iliyoraruka.

Ukibakiza milimita moja juu ya bushi, simama. Noa tena. Hapo ndipo uamue umbo. Kwa kalamu ya kwanza mstari ulionyooka kutoka bushi hadi bushi, wenye tumbo la chini ya nusu milimita katikati, unapendeza mkononi na hauna pa kukosea. Usiende mbali zaidi kwenye unene: bushi ina milimita 8.3 na shaba ina 7, kwa hiyo ukingoni mbao ni nyembamba kuliko nusu ya punje ya mchele. Achia bushi sehemu mbili au tatu za kumi ya milimita, msasa utazimaliza.

Msasa

Punguza mwendo hadi 800 na uondoe egemeo kabisa, maana vidole hunaswa kati yake na mbao. Anza na 240. 150 ni kwa mikwaruzo ya patasi tu. Kisha 320, 400, 600. Baada ya kila namba simamisha mashine na upitishe msasa ule ule kwa urefu wa mbao, ili mikwaruzo ya duara iondoke, na ufute unga kabla ya namba inayofuata. Kuruka namba ni kupoteza muda, kwani mkwaruzo wa 240 hautatoka kwa 600; utang'arishwa tu na kuonekana vizuri zaidi.

Vumbi la msasa ni baya kuliko maranda. La mpingo na la mninga huwasha ngozi na kifua cha watu wengi, kwa hiyo barakoa ivaliwe hadi feni iwe imeondoa kilichobaki hewani. Na vumbi la chuma ni jeusi: ukiuona msasa wako umeanza weusi karibu na bushi, umeshagusa chuma, na weusi huo utaingia kwenye mbao nyeupe kama mchungwa. Badilisha kipande cha msasa na uache kukandamiza pale.

Kuvisha mng'aro

Nta ya nyuki na mafuta hupendeza siku ya kwanza, lakini mkono wa mtu mwenye jasho la Zanzibar huivua nta ndani ya wiki chache. Kwa kalamu ya matumizi, supaglu nyepesi ndiyo ngozi inayodumu. Toa kalamu, paka nta kwenye bushi ili zisigandane na mbao, irudishe. Mwendo uwe 500 au chini yake. Kunja tishu iwe pedi ndogo, idondoshee matone mawili, matatu, uipitishe chini ya kalamu kutoka ncha hadi ncha kwa mkupuo mmoja mwepesi, kisha uiondoe. Usirudi juu ya ile iliyoanza kunata. Tumia tishu, si kitambaa: pamba ikikutana na supaglu hupata joto kali na kutoa moshi. Miwani ibaki usoni, na uso ukae pembeni, si juu ya moshi wake.

Subiri dakika tano hadi kumi kati ya tabaka na tabaka, upake nane. Tatizo la visiwani ni ukungu mweupe. Unyevu ukiwa mwingi, khasa mvua ikiwa inanyesha, supaglu hukauka kwa haraka na kuacha utando kama pumzi kwenye kioo. Paka tabaka nyembamba zaidi, fanya kazi hii saa za mchana zilizo kavu au chumba cha kiyoyozi, na usitumie dawa ya kuharakisha. Ukungu ukitokea, sugua kwa 600 hadi uishe kisha uendelee. Chupa ya supaglu ikae kwenye kopo lenye mfuniko na kifuko cha kunyonya unyevu.

Baada ya tabaka la mwisho acha usiku mmoja. Kesho sugua kwa msasa wa maji, 800 hadi 2000, ukiwa umelowa kidogo na mandreli imefutwa maji mara kwa mara. Maliza kwa kompaundi ile ya kung'arishia rangi ya gari. Ukifika kwenye mbao tupu mahali popote, utaona doa lisilong'aa; safisha, paka tabaka tatu nyingine.

Kutoa bushi kunaweza kubandua ngozi ya supaglu ukingoni. Kata kwanza kwa ncha ya kisu duara zima pale bushi na mbao zinapokutana, halafu zipinde zitengane.

Kuunganisha

Tandaza kitambaa, panga sehemu kwa mfuatano wake kabla ya kubana chochote. Jiliwa yenye vipande vya mbao kwenye meno yake hutosha kuwa mashine ya kubania. Mkia wa mashine nao hufaa. Bana polepole, ukiangalia kwamba chuma kimesimama wima. Chuma kilichoingia upande hupanua kibomba na kuipasua mbao sekunde ile ile.

Kwanza ncha kwenye kipande cha chini, upande wa nje. Kisha, kwenye upande wa katikati wa kipande hicho hicho, mtambo wa kuzungusha, upande wa shaba ukitangulia. Hapa nenda kwa hatua. Mtambo huwa na mstari unaoonyesha mwisho, lakini usiuamini peke yake: bana hadi milimita 3 kabla ya mstari, funga mrija wa wino, zungusha. Ncha ikitoka milimita 3 au 4 na kurudi ndani kabisa, umefika. Isipotoka ya kutosha, toa mrija, bana nusu milimita, jaribu tena. Kuingiza zaidi ni kazi ya sekunde; kutoa mtambo uliopita kiasi kunahitaji nyundo, fito na bahati.

Kwenye kipande cha juu, klipu na kofia hubanwa pamoja upande wa nje. Vaa pete ya kati kwenye mtambo, telezesha kipande cha juu juu yake, zungusha mpaka mistari ya mbao ikutane kama ilivyokuwa kwenye V, na umemaliza.

Kipande cha juu kikizunguka bila kukaza na kuhamisha ncha, mtambo umelegea ndani ya kibomba cha juu: kivute, kandamiza mdomo wa kibomba kidogo sana kwa koleo yenye ngozi, rudisha. Ncha ikichungulia wakati imefungwa, kibomba cha chini kilifupishwa au mtambo umezama. Kilichofupishwa hakirefushwi, tengeneza kipande kipya. Ufa ukitokea baada ya mwezi, toa vyuma kwa fito na nyundo nyepesi kutoka ndani, virudishe kwenye kopo lake kwa kalamu inayofuata, na ukiangalie kile kipande kilichopasuka kwa ndani: shaba tupu isiyo na gundi ni kosa la kubandika, weusi ni joto la biti, na ufa msafi ulionyooka kutoka ncha hadi ncha ni mbao iliyokuwa bado na maji.